Siku Niliyowafungia Lango Watu wa Kwetu

Wacha nianze na aibu yenyewe msije mkadhani nazunguka: kuna boma moja upande wa Mutomo, Kitui, ambako siwezi kukanyaga tena, na kuna boma lingine Kikima, ambalo ni la baba yangu mzazi, ambako nikiingia watu wananyamaza kwanza ndipo wanisalimie. Yote mawili nilijifungia mwenyewe, tena kwa siku moja, na kosa langu lote lilikuwa kutabasamu wakati wa kusema.

Mimi nasoma anthropolojia, shahada ya pili, na mtu akiniuliza hiyo ni kitu gani huwa namwambia ni kusomea watu, naye anacheka na kuuliza kwani watu husomewa (swali zuri, na jibu lake ndilo limenifikisha hapa). Ni somo pana ajabu. Katika darasa letu mmoja anapima mifupa ya kale, mwingine alishinda stejini na watu wa bodaboda akichunguza majina ya utani wanayopeana, mwingine yuko wodi ya akina mama wanaojifungua, na wote hao walifanya kazi zao wakamaliza bila kuharibu posa ya mtu. Mimi nilichagua koo zetu za Ukambani, yaani mbai, na jinsi watu wa mbai moja wanavyosaidiana wakati wa kiangazi. Niliona mimi ni Mkamba, lugha ninayo, kitakachonishinda ni nini.

Kilichonishinda kwanza ni kupata mtu wa kuongea na mimi. Watu wa upande ule wameulizwa maswali na wageni mpaka wamechoka, kwa hivyo nikifika na kinasa sauti changu naambiwa mwenye boma ametoka, na anayeniambia ni mwenye boma. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo nirudi Nairobi nikamwambie mwalimu wangu nimeshindwa, ndipo nikapita kwa Susu Kavata (susu ni nyanya kwa Kikamba), mjane mzee aliyekuwa amekaa nje na majirani wakichagua ndengu. Hakuuliza kazi yangu wala barua ya chuo. Aliuliza, "Mwiitu," yaani binti, "wewe ni wa mbai gani?"

Sijafungua mdomo akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akawaambia wenzake, "Hii paji ni ya Atangwa. Huyu ni mtoto wetu." Wale wamama wakakubali wote, na mmoja akaongeza kwamba hata kutembea natembea kama shangazi yake marehemu.

Sasa, mimi ni wa Aombe. Baba yangu ni wa Aombe na babu yangu alikuwa wa Aombe, na ilikuwa ni kusema tu, Hapana susu, mimi ni wa Aombe, basi. Lakini kigoda kilikuwa kimeshavutwa, chai imeshamiminwa, na Susu alikuwa ameshaanza kusimulia jinsi watu wa Atangwa walivyowekeana ng'ombe miaka ya njaa, yale yale niliyokuwa nayatafuta kwa miguu kwenye jua lile, nikajiambia (hapa ndipo mnicheke) wacha amalize hii stori, nitamwambia kesho. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa. Kesho yake nikapewa kitanda, na mtu aliyepewa kitanda anaanzia wapi?

Milango ikafunguka. Nilitumwa maji, nilitumwa kuni, nilialikwa kwenye kikundi cha wamama wa Atangwa nikapewa kazi ya kusoma maombi, na kila niliyemwuliza swali alinijibu mpaka nikamwonea huruma kwa kiu. Mwalimu wangu akanisifu kwa simu kwamba nimepokelewa na jamii, na mimi nikaona kweli nimepokelewa.

Ndani ya boma hilo alikuwamo Mumbua, mjukuu wa Susu, fundi wa kushona huko mjini Wote, aliyekuwa amerudi nyumbani kujitayarisha kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja na ntheo, wale mbuzi wa kwanza ambao bila hao Ukambani huwezi kusema umeposa mtu. Kijiji chote kilijua kwamba alishawahi kungojewa mbuzi wakati mmoja, chakula kikapikwa, na mchumba yule hakutokea. Tangu hapo kulikuwa na watu waliomsalimia kwa huruma, na aliichukia huruma ile kuliko matusi. Tulishinda pamoja mchana, yeye kwenye cherehani akishona gauni lake, mimi nikimshikia kitambaa, akaniambia mambo ambayo siyasemi hapa. Moja tu nitasema, kwa sababu alilisema mbele ya watu: hii ikiharibika tena, hatarudi kijijini hata kwa matanga.

Na mimi, niliyekuwa nauliza kila mzee jina la baba ya babu yake, sikuwahi kumwuliza Mumbua jina la mchumba.

Upande wa pili, mama yangu alikuwa ananipigia simu kwamba Kyalo, mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu sisi ni ndugu yangu tu, anapeleka ntheo "huko Kitui", kwa hivyo nitafute nafasi nije. Nikasema sina nafasi, niko kazini. Kyalo alikuwa amefanya kazi Nuu, ambayo pia ni Kitui, muda mrefu, na mimi kichwani nikamwozesha msichana wa Nuu bila kuuliza mtu. Picha ya msichana, maelekezo ya njia, saa ya kuondoka, vyote vilikuwa kwenye kundi la familia kwenye simu, ila kundi hilo nilikuwa nimelinyamazisha kwa ajili ya picha za maua na salamu za asubuhi njema yenye baraka.

Basi ikafika Jumamosi. Mnajua wageni wa ntheo hawafunguliwi hivi hivi: wanawake wa upande wa binti wanashika lango, wanaimba, wanawauliza wageni ni akina nani, ni wa mbai gani, au labda wamepotea njia, na wasipojibu vizuri wanatozwa soda. Kazi hiyo inataka mwanamke mwenye mdomo. Wakatazamana, na Susu akasema, "Kwani Ndinda yuko wapi? Amesoma, na ni wetu." Wakanifunga leso kiunoni, na siwafichi, nilifurahi.

Nyuma yetu, kwenye kiti, alikaa Mzee Mutua, ndugu mkubwa wa marehemu baba ya Mumbua. Ni mzee wa kanisa na pia mwenyekiti wa mbai, mtu wa maneno machache, na msimamo wake unajulikana: watu wa mbai moja hawaoani. Alishaikataa posa ya binti yake mwenyewe kwa jambo hilo.

Tukasikia pikapu, tukasikia pambio za wageni, na mimi nikaanza zangu, macho nimefumba, mkono mmoja kiunoni, sauti juu. Nikaegemea lango nikauliza, "Nyinyi mnaobisha ni akina nani, na mbai yenu ni gani?" Kimya. Nikadhani wameshindwa, nikauliza tena kwa madoido zaidi, nikaongeza kwamba hapa kwa Atangwa hatufungulii watu wasiojua kwao. Ndipo sauti ninayoijua tangu utoto ikasema polepole, "Ndinda?"

Nikafumbua macho. Alikuwa baba mdogo, amevaa koti lake la kanisani. Nyuma yake Kyalo na suti, halafu mbuzi kwenye kamba, halafu wamama wa Kikima na vikapu, na katikati yao mama yangu, ambaye uso ulimwangaza kwa sababu alidhani nimekuja kuwashangaza kwa wema. Alipitisha mkono kwenye lango akanishika shavu, akawageukia wenzake, "Kumbe huyu mtoto alitangulia. Na alikuwa ananiambia hana nafasi."

Wamama nyuma yangu wakaacha kuimba, mmoja mmoja. Mzee Mutua akasimama.

"Mama, huyu unamjua?"

"Nisimjue aje, na ni mimi nilimzaa."

"Na huyu mzee mwenye koti?"

"Huyo ni baba yake mdogo. Yeye na bwanangu ni tumbo moja."

Mzee Mutua aliyapanga maneno yake, na mimi nilikuwa nayaona yakija, kwa sababu hesabu ile ya mbai niliijua vizuri kuliko mtu yeyote pale, nimeisomea. Akasema, "Ndinda ni wa Atangwa. Huyu ni tumbo moja na baba ya Ndinda. Basi nyinyi ni Atangwa, na mmekuja kuoa dada yenu."

Baba mdogo akacheka, maskini, akidhani ni michezo ya lango. "Sisi ni Aombe, mzee. Kama ni soda, sema tutoe." Hakuna aliyecheka naye, akakunja kicheko chake akanitazama.

Ilibidi niseme. Nilisema mbele ya mbai mbili, kwaya na pasta walioalikwa kwa maombi, na leso yao kiunoni: kwamba mimi ni wa Aombe, kwamba sikuwahi kusema mimi ni wa Atangwa ila nilinyamaza nilipoambiwa, kwamba Kyalo na Mumbua hawana undugu wowote, kosa ni langu peke yangu. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kikamba, nikalia katikati.

Mzee Mutua alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, bila ukali hata kidogo, "Sasa sisi tushike gani? Ulitudanganya zile siku zote umekula hapa, ama unatudanganya leo ndio ndugu yako aoe?"

Nilitoa kitambulisho (kitambulisho, jamani, kana kwamba serikali huandika mbai), akakishika, akakiangalia pande zote mbili kwa heshima, akanirudishia. Pasta akasema tuombe kwanza, akaomba, na watu wengi macho yalikuwa wazi. Mwisho Mzee Mutua akasema hakuna anayemfukuza mtu, ila warudi siku nyingine na wazee wa Aombe wa kutoka Kikima waje waseme kwa midomo yao kwamba hawa ni watu wao. Baba mdogo akajibu, "Mimi nilikuja na mbuzi, sikuja na mashahidi." Ukawa ndio mwisho wa mazungumzo.

Wakawapakia mbuzi tena kwenye pikapu, na mmoja alikataa kabisa kupanda, akabebwa huku analia, na kijiji kizima kikiangalia mbuzi wa ntheo wanavyorudi walikotoka. Mama alishusha kikapu chake cha sukari, akasimama kama anayefikiria akiache au arudi nacho, kisha akakiinua akarudi nacho. Kyalo aliniambia neno moja tu akipanda gari. "Ungesema tu, Ndinda."

Mumbua alikuwa ndani muda huo wote. Ndiyo desturi, binti hatoki mpaka aitwe, kwa hivyo alikaa kitandani na gauni lake jipya akisikia kila kitu kupitia dirisha, na hakuna aliyemwita. Niliingia nikiwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyashukuru.

"Hata jina lake hukuniuliza," akasema.

Nikasema sikumwuliza.

"Zile tulikuwa tunaongea nikishona, ulikuwa umerekodi?"

"Zingine."

"Nani atasikiza?"

"Mwalimu wangu. Halafu inaandikwa, lakini majina tunabadilisha."

Akatikisa kichwa. "Futa."

Nikakaa sakafuni nikafuta moja moja, naye akiangalia. Nilipomaliza nikamwona Susu amesimama mlangoni. Nilidhani amekuja kunitetea, kwa maana yeye ndiye aliyenishika kidevu siku ile, na nawaambia ukweli, nilikuwa natamani mtu mmoja tu anitetee. Aliniuliza kama sauti yake pia iko humo. Nikasema iko, nyingi, ndiyo kazi yangu karibu yote.

"Yangu pia ufute," akasema. "Mimi niliongea na mtoto wetu. Wewe sikujui."

Nikafuta. Sikuondoka na kitu, ila nguo zangu.

Wazee wa Aombe wamesema hawawezi kwenda kuhojiwa kama wezi wa kuku. Mzee Mutua anasema yeye hana haraka. Kyalo anataka wafunge ndoa ofisini kwa mkuu wa wilaya yaishe, Mumbua anasema hataolewa kama mtu asiye na kwao, na amerudi Wote, anashona nguo za harusi za watu wengine. Mwalimu wangu nilipomweleza alifurahi kupita kiasi, akaniambia mkasa huo ndio sura nzuri kuliko zote za tasnifu, andika hivyo hivyo na nyanya na mbuzi. Nikamwambia haya ya lango ni yangu na naweza kuyasimulia, ila yale mengine yamebaki kwa wenyewe. Akasema basi nimepoteza mwaka. Nikasema ndiyo, nimepoteza.

Nimeapa mbele ya mama yangu kwamba nikifika tena kwa mtu nitataja mbai yangu nikiwa bado nje juani, kabla ya kigoda na kabla ya chai, hata kama ni ya kunifukuzisha. Wakinifukuza nitarudi nilikotoka, kwa sababu nikifukuzwa mimi hakuna mwingine anayevua gauni lake la posa.