Linux ya Kwenda Salale

Juzi nilikwenda stesheneri moja ya Ikwiriri kutoa kopi ya cheti cha mwanangu, nikakaa saa nzima kwa sababu ya ubishi wa Linux. Huo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta. Unapatikana bure, ila uko wa aina nyingi. Muuguzi wa Salale, kijiji cha delta ya Rufiji kinachofikiwa kwa boti, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuwasiliana kwa mawimbi, alitaka kompyuta yake iwekewe aina moja, ili simu zikikosa mtandao aiunganishe na redio yake atume ujumbe. Boti ilikuwa inamsubiri, na maji yalishaanza kupwa.

Mwenye duka na mteja mmoja mwalimu, nao wana redio hizo, wakabishana ni aina ipi ya Linux imfae.

“Weka Debian, dada. Haiyumbi,” alisema mwalimu, kidole juu kama yuko darasani.

“Mwalimu, acha hizo! Weka Ubuntu, hata bibi yangu anaiweza.”

“Bibi yako ana redio?”

Muuguzi alitazama saa, akaifunika kompyuta kwa mikono miwili. “Kaka zangu, nikikwama, nani atapanda boti aje Salale?”

Mwenye duka, mzaliwa wa huko, akajibu, “Nitakuja mimi.”

Mwalimu, mtu wa bara, alishusha kidole taratibu. “Kule si kuna mamba?”

“Wapo.”

“Basi Ubuntu nayo ni nzuri sana,” alisema mwalimu.

Tangu siku hiyo, mtu akinishauri ninunue kitu, simwulizi kina uzuri gani. Namwuliza kama anajua kuogelea.