Mkono wa Kituo cha Tisa

Wifi yangu hajui kukaa. Tangu nilipoolewa katika familia hii, miaka thelathini na minne sasa, sijamwona akimaliza kikombe cha chai bila kuinuka mara mbili: kwanza kuchungulia dirishani, kisha kupanga upya kitu ambacho kilikuwa kimeshapangwa. Waumini wanamwita Kiguu na Njia, naye anaitika. Nilimkataza. Binti wa familia yetu haitwi hivyo mbele ya kanisa.

"Wifi," akanijibu, "wangeniita Gogo ungefurahi?"

Naandika habari zake kwa sababu yaliyotokea mwaka jana yanasimuliwa ovyo, na wapo wanaosema familia yetu ilimtelekeza mchungaji msituni. Mimi nilikuwepo. Nitasema yangu na yake.

Kabla ya kustaafu, wifi alikuwa opereta wa simu posta kwa miaka ishirini na miwili, akiwaunganisha watu asiowaona. Mume wangu, kaka yake, alipoanzisha huduma ya kuwasaidia wachungaji wa vijiji vya msituni, hakuhangaika kutafuta mtu wa redio. Alimpa chumba cha nyuma ya ofisi, kilichokuwa stoo: meza moja, betri ya gari chini yake, redio ya mawasiliano, ramani yenye pini kumi na moja, na maboksi ya Biblia, dawa za malaria na matairi ya baiskeli yaliyopandana hadi darini. Kila siku saa moja asubuhi aliviita vituo kumi na moja, kimoja baada ya kingine. Mchungaji alieleza nani kazaliwa, nani kafa, nini kimekwisha. Boti ya mwisho wa mwezi ilipakiwa kwa kufuata daftari la wifi.

Msimu wa mvua ulikuwa na utaratibu wake. Kule miti imefunika anga, na mawingu nayo yakija, paneli ya jua haichaji kitu. Kwa hiyo, ili kutunza betri, mchungaji hakuzungumza. Alibonyeza tu kitufe cha redio mara mbili, spika yetu ikakwaruza mara mbili, na wifi akaandika "Salama". Kituo kikinyamaza siku saba, boti ilikwenda. Ikionekana mchungaji hawezi tena kazi, alirudishwa mjini na nyumba ya kituo akapewa mwingine. Mume wangu aliyaandika hayo kwa mkono wake mwenyewe. Alipofariki niliitia karatasi ile kwenye fremu, nikaitundika ofisini. Watu wa makanisa mengine walikuja kuinakili, nami nilijivunia. Sikatai.

Mvua za mwaka jana zilipofika wiki ya tatu, wifi aliingia nyumbani kwangu hata nywele sijachana.

"Kituo cha tisa si yeye."

"Hakujibu?"

"Kajibu. Mara mbili. Lakini mkono si wake."

Nikacheka. "Tangu lini kitufe kikawa na mwandiko?"

"Kinao! Mchungaji wa tisa anabonyeza kama mtu anayebisha hodi ukweni. Anagonga, anasubiri, anagonga tena. Huyu anabonyeza kama anaiba. Leo siku ya tisa, wifi. Nilidhani masikio yangu yamezeeka, nikanyamaza. Sinyamazi tena."

Nilikuwa na sababu ya kusita. Mwaka wa kwanza wa ujane wangu tuliwahi kutuma boti kwenye kituo ambacho hakikuomba, na waumini wakaamini mchungaji wao ana kashfa na boti imekuja kumchunguza. Nusu nzima ya kanisa ilihama. Sikutaka kumvunjia mtu heshima tena kwa ajili ya mikwaruzo ya spika.

"Kaka yako aliandika kwamba mara mbili ni salama," nikamwambia.

"Kaka aliandika kwa sababu hakuwa na masikio yangu."

"Usimseme marehemu hivyo nyumbani kwake."

"Namsema kwa sababu ni kaka yangu. Nilimjua kabla yako!"

Aliondoka bila kuaga. Kwa siku mbili nilisikia habari zake kwa fundi wa boti, mtu wa makamo asiyejua kutunza siri. Alisema wifi amehamisha maboksi yote kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akayarudisha. Amemwuliza mara nne kama injini ni nzima. Hali chakula, anatembea tu kutoka redioni hadi gatini.

"Mama," fundi akaniambia, "ama mmpe ruhusa aende, ama mnipe mimi likizo. Anasali juu ya injini yangu kama ina mapepo."

Siku ya tatu nilikwenda ofisini mapema, nimeshajiandaa kumkemea. Nilimkuta amesimama, kipaza sauti mkononi.

"Kituo cha tisa, kama mchungaji yuko karibu, bonyeza mara tatu."

Akahesabu hadi kumi, akaita tena.

"Dada yangu, najua ni wewe. Sikugombezi. Niambie tu."

Spika ikakwaruza, ikakatika, ikakwaruza tena. Kisha sauti ya mke wa mchungaji, ndogo na ya haraka:

"Yupo. Amelala. Msije, tafadhali msije."

Ikazimika. Mtu anayekwambia usije kwa sauti ile, anakuita. Boti haiondoki bila sahihi yangu, na wifi alikuwa amekwishainyoosha karatasi mezani. Nikasaini.

"Twende!" akampigia fundi kelele dirishani.

"Mafuta kwanza, mama! Injini hii haiendi kwa zaburi."

Wifi alikwenda mwenyewe, na miaka yake sitini na moja, siku mbili juu ya maji. Walimkuta mchungaji hajitambui. Shoka lilimteleza mguuni alipokuwa akikata kuni, na kidonda kilioza. Walimleta hospitali ya mjini. Daktari alikata mguu chini ya goti na kusema zingepita siku tatu nyingine angekuwa anazungumza na wafiwa.

Nilipofika wodini, mke wa mchungaji aliinuka kwenye benchi kama mshtakiwa mahakamani. Wifi alikuwa mbele yangu, tayari anamsumbua muuguzi kuhusu mto wa mgonjwa.

"Mama," mke akaniambia, "alinikataza kusema. Alisema mkijua hawezi kutembea mtatutoa. Naomba mtuachie nyumba mpaka watoto wamalize muhula. Sisi hatuna kwingine."

Kwa wiki mbili mwanamke huyu alikuwa akimtazama mumewe akioza, na aliyekuwa akimwogopa ni sisi. Nilitaka kumweleza kwamba mume wangu hakuwa mtu mkali, kwamba utaratibu ulikusudiwa kuwalinda wao. Nilifungua kinywa, nikaona kwamba nitakuwa namtetea marehemu mbele ya mtu mwenye kilio chake.

"Nyumba ni yenu," nikasema. "Akipona atahubiri ameketi."

"Karatasi ya mzee inasema vingine."

"Ile aliandika yeye. Hii nitaandika mimi."

Hakutabasamu, wala hakunishukuru.

"Basi iandike sasa hivi, mama. Kabla hujatoka hapa."

Nikageuka kumwomba muuguzi kalamu.