Siku Tuliyojua Maana ya Boyi

Sisi tuliokulia Kasongo kabla ya hawa vijana wanaozaliwa wakijua kila kitu, tulikuwa na neno "boyi". Boyi alikuwa mtu mzima aliyempikia mzungu, akamfulia nguo na kuzipiga pasi ya makaa. Baba yangu alikuwa boyi wa mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Jioni alirudi akinukia sabuni na vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi, na sisi watoto, tuliozoea sombe, yaani majani ya muhogo, na mafuta ya mawese, tulimzunguka tukivuta pumzi kana kwamba tumeshakula.

Shuleni harufu hiyo haikunisaidia. Rashidi, mtoto wa mwenye duka, ambaye kiburi chake kingetosha darasa zima, aliniita "mutoto wa boyi" tangu tukiwa wadogo kabisa. Tulipofika sekondari nilimwambia mama kwamba shule basi, nakwenda Wamaza kulima kwa mjomba. Mama akajibu kwamba Wamaza haihami, nikasome kwanza.

Ndipo akaja mwalimu wa Kiingereza, lugha iliyohitajika sana Kasongo, maana tulikuwa na mtu wa kuzungumza naye: yeye mwenyewe.

Somo la kwanza alimsimamisha Rashidi, akamwambia arudie kwa sauti: "Ai em e boyi." Rashidi akakataa. Akaeleza kwamba baba yake ana duka. Mwalimu, asiyeelewa duka limeingiaje hapo, akatufafanulia kwamba kwa Waingereza neno hilo ni mtoto wa kiume, basi. Wazungu walilitumia kuwaitia watumishi wao, hata wenye mvi, na sisi tukalipokea, tukalibandika "i" mwishoni. Rashidi akarudia kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. Tulicheka mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia.

Nilikimbia nyumbani kumpelekea baba ushindi wangu. Alikuwa ananawa miguu. Hakucheka. Aliniomba nirudie ile maana, nikarudia.

"Kumbe miaka yote ananiita mutoto," akasema. "Na mimi naitika."

Kesho yake, kama alivyotusimulia, mzungu aliita kutoka sebuleni: "Boyi!" Baba akaendelea kumenya viazi. Akaitwa tena, akachukua kiazi kingine. Mzungu akaja mwenyewe jikoni, na baba akamwambia kwa adabu kwamba yeye iko na watoto nyumbani, na jina lake ni Amisi. Baba alipofika hapo katika kusimulia, mama alikaa chini. Alikwisha kuona sufuria tupu. Lakini mzungu akasema, "Amisi, kahawa." Tangu hapo akawa Amisi. Mshahara haukupanda hata kidogo, lakini mgongo wa baba ulinyooka.

Nami nikamaliza shule.

Leo vijana wetu wanarudi kutoka machimboni Salamabila kwa pikipiki, wamevaa kofia zenye neno lile lile kwa herufi za dhahabu, na wamezinunua kwa hiari yao. Nilipomweleza mwanangu lilikotoka, alinisikiliza huku akichezea simu, akanijibu kwa upole, "Baba, hiyo ni staili tu."

Sawa, wana staili. Enzi zetu mtu aliweza kuhatarisha chakula cha nyumba nzima kwa ajili ya neno moja. Siku hizi neno linavaliwa kichwani, na mwenye kichwa hana haja ya kulisoma.