Manemane Ndani ya Chai

Mdogo wangu alinyonya mpaka akaanza kuchunga mbuzi. Sisemi uongo. Alikuwa akirudi kutoka malishoni na fimbo yake, anaiegemeza nje ya nyumba, kisha anaingia kwa mama kudai haki yake. Tulikuwa upande wa Eldas wakati huo, miaka mingi kabla ya vita, na watu waliokuja kunywesha ngamia kisimani walimtania, "Mzee, umeshashiba tuhame?" Baba alicheka sana. Mama hakucheka, maana aliyeumwa na yale meno si baba.

Siku moja akaja habaryar, yaani mama mdogo wangu, na kifuko cha ngozi. Akatoa bonge la utomvu lenye rangi ya sukari iliyoungua, akalilainisha kwa maji, akampaka mama kifuani. Mchungaji wetu akarudi, akaegemeza fimbo, akaingia. Alitoka mbio akiufuta ulimi kwa mchanga. Tangu siku hiyo akanywa maziwa ya ngamia kama watu wengine.

Utomvu huo sisi Wasomali twauita malmal. Unatoka kwenye mti mfupi wenye miiba, unaoota penye mawe, mti usio na uzuri wowote. Ukiuchanja unatoa machozi, na machozi yanaganda. Najua nimezunguka, lakini ndiko nilikotaka kufika.

Wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, nilikuwa Garissa mjini, nauza chai karibu na nyumba za polisi. Ngamia wetu walikwisha, wengine wakachukuliwa na hawa, wengine na wale. Shule nayo niliingia asubuhi nikatoka adhuhuri, kwa hiyo birika ndilo lililoniajiri. Jioni kafyu ilitufungia ndani, lakini mchana kibanda kilijaa makonstebo na makarani wa bara. Walilalamika kwamba natia kila kitu ndani ya chai: hiliki, mdalasini, karafuu. Wakilalamika wanaongeza kikombe.

Mteja wangu mmoja alikuwa fundi mwashi, aliyeletwa kujenga nyumba za askari. Padri hakuweza kufika kila wiki kwa sababu ya mabomu ya barabarani, basi Jumapili huyu fundi ndiye aliyehubiri, na watu wakamwita Mwalimu. Aliipenda kazi hiyo kuliko saruji. Sasa palikuwa na mke wa sajini, mama mmoja mnene mwenye maswali. Akamwuliza mbele ya wote: "Wale wazee wa mashariki walimletea mtoto Yesu dhahabu, naijua. Uvumba, nimeunusa. Manemane ni nini?"

"Ni marashi matamu ya Uyahudi."

"Umeyaona?"

Hakuwahi kuyaona. Watu wakacheka, naye kwa hasira akaapa: Krismasi ikifika bila kuwaonyesha manemane, ataacha kuhubiri na yule mama ashike Biblia. Basi hakupata tena amani. Kila akipita, mama anapaza sauti, "Mwalimu, nianze kuandaa mahubiri?"

Alikuja kwangu amenywea. Nikamwuliza kitu chenyewe kikoje.

"Padri aliniambia Kiebrania chake ni mor, na neno hilo limetokana na ladha chungu. Mimi nikakataa. Nani ampelekee mtoto mchanga kitu kichungu?"

Maalim wetu wa Kurani alikuwa pale anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Waarabu husema murr. Ni uchungu huohuo. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, bwana. Na hicho unachotafuta ni malmal. Muulize huyu, kwao imejaa."

Wallahi nilicheka. Niliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya kopo, nyuma ya birika! Habaryar alikuwa amewekwa kwenye kijiji cha kulindwa na askari nje ya mji, na hata huko hakukosa kunitumia. Mwalimu akainusa, uso ukang'aa, kwa sababu harufu yake kweli ni nzuri.

"Unaona? Padri alikosea."

"Usiitie mdomoni," nikamwambia. "Ni ya kufukiza." Aliitikia kwa kichwa tu, macho yakiwa kwenye bonge.

Siku ya Krismasi aliniagiza birika kubwa. Waliabudu ndani ya nyumba isiyoezekwa bado. Mimi nikasimama mlangoni. Mwalimu akaliinua bonge juu wote walione, kisha akafunua birika langu. "Msomali hutia ndani ya chai kila kinachonukia. Leo tutainywa zawadi ya tatu!" Nikapiga kelele, "La! La!" Lakini walikuwa wanaimba. Akalitumbukiza, akakoroga.

Mke wa sajini akapewa wa kwanza. Alikunywa funda kubwa. Macho yakamtoka, akatema dirishani. "Mama yangu! Mwalimu, umenipa nini?"

Mwalimu akaonja. Akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Manemane," akasema. "Padri alisema kweli."

Makonstebo wakagombania vikombe, kila mmoja aone mwenzake anavyokunja uso. Yule mama akacheka hadi akashika ukuta. "Basi nimeijua! Lakini mtoto alifanyiwa nini kwa hii?"

Nikajibu kutoka mlangoni: "Kwetu mama akijifungua, nyumba hufukizwa malmal. Mgeni mwenye akili huja nayo."

"Kumbe!" akasema. "Wazee wale walikuwa na wake nyumbani. Mwalimu, hubiri tu. Ila chai usitupikie tena."

Baada ya siku chache malori yalikusanyika kwenda bara chini ya ulinzi. Mwalimu akaja kibandani asubuhi, akaomba bonge jingine.

"La mahubiri?"

"La nyumbani. Mke wangu yu karibu kujifungua. Nisingeweza kuondoka mapema na lile swali shingoni, yule mama angesema nimekimbia."

Akalifunga kwenye pembe ya leso, akaacha chai nusu kikombe, akaenda kwenye malori. Hakurudi tena.