Magari ya Sumaku na Jina la Mdogo Wangu

Juzi nilipita Matisi, mtaa tuliokulia, nikasimama mahali palipokuwa na kibanda cha fundi wa redio, karibu na msikiti. Sasa wanauza makava ya simu. Nilikuwa napita tu, lakini harufu ikanishika: harufu ya mota ndogo iliyochemka, kama shaba na nywele vikiungua pamoja. Muuzaji alikuwa akijaribu kifeni cha mkononi. Wewe ungekiangalia uende zako. Mimi nilitafuta pa kukaa.

Nakuzungumzia miaka ya elfu mbili na kitu, kabla kila mtu hajawa na simu. Tulikuwa watatu: mimi kifungua mimba, ndugu yangu wa katikati, na kitinda mimba wetu wa miaka mitano. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla nyasi hazijashika vizuri kwenye kaburi la baba. Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Asubuhi nilifua nguo za watu, mchana nikachemsha githeri ya mahindi na maharagwe, jioni nikakagua madaftari ya yule wa katikati. Hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni kitinda mimba. Tangu mchanga ulipoanza kugonga sanduku la mama kule kijijini kwa nyanya, Naitiri, hakusema neno.

Fundi wa redio alikuwa jirani yetu, mtu wa kofia nyeupe na kikohozi. Nyuma ya kibanda chake alikuwa na uwanja wa mbio: mbao nne zilizounganishwa zikafanya duara refu, na juu yake mifereji miwili iliyochongwa, mmoja wa ndani, mmoja wa nje. Kila upande wa mfereji alipigilia ukanda wa chuma, zile kanda zinazofunga mabati yakitoka dukani. Waya zilitoka kwenye kanda hizo hadi kwenye betri ya gari, zikipitia vitufe vya kengele ya mlango. Ukibonyeza kitufe, gari linakimbia. Ukiachia, linasimama.

Magari tuliyaunda wenyewe. Mota ya redio kaseti iliyokufa, bati la kopo, magurudumu ya vifuniko, msumari chini wa kufuata mfereji. Halafu sumaku, iliyong'olewa kwenye spika, ili gari lishike chuma lisiruke kwenye kona. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Sumaku ikiwa juu sana, gari linaruka hadi kwenye ndoo ya maji. Ikiwa chini sana, linang'ang'ania chuma na kulia bila kusogea. Nilikuwa nachomeka vipande vya jalada la daftari, kimoja, viwili, mpaka gari liimbe. Fundi alikuwa akisema, "Msichana, usiliachie, na usilikabe."

Siku za Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, watoto walijaa pale.

"Wee, hilo lako ni la kubeba kabichi!"

"Ngoja kona, bana. Kona haijui mdomo."

"Ati kona! Si jana ulilitoa kwa ndoo?"

Kitinda mimba wetu alikuwa na gari lenye sumaku ya redio ya baba. Nililiunda mwenyewe nikidhani litamfungua kinywa. Alilipenda, lakini alitaka njia ya ndani peke yake, na mtu akiweka gari njia ya nje, alilitoa kimya kimya na kumrudishia mwenyewe. Kisha alibonyeza kitufe akiitazama ile njia tupu. Macho yake yalizunguka, yakazunguka, kama ya mtu anayefuata kitu. Wakati mwingine alipunguza mwendo kwenye kona, akangoja, akaendelea. Watoto wakaanza kuaga kila aliposhika kitufe. Hata fundi aliniambia, "Mpelekeni kwa nyanya yake. Mimi natengeneza redio tu."

Wakati huo baba mdogo wetu alikuwa ametuma ujumbe kutoka Bungoma mjini. Shule zikifungwa atakuja Naitiri kutugawa. Wa katikati ataenda kwa shangazi. Mimi nitatafutiwa kazi ya nyumba. Na yule asiyesema atapelekwa kwenye nyumba ya watoto, mbali, kwa sababu nani atalea mtoto kama huyo? Nilimjibu kwamba atasema. Nilijibu hivyo bila kujua nitafanyaje.

Fundi alitupatia zile mbao pamoja na betri, tukazipeleka Naitiri. Nyanya alimtazama mtoto kwa muda, akasema, "Kuna mtu anataka kuitwa." Kwetu, mtoto akilia bila kukoma au akinyamaza bila sababu, wazee husema marehemu fulani anatafuta jina. Basi majina ya waliokufa hutajwa moja moja, na lile litakalomtuliza mtoto huwa lake.

Ilikuwa alasiri, mawingu yakiteremka kutoka Mlima Elgon, kuku wameshaingia ndani wakidhani ni usiku. Bila gari mtoto hakukaa kitako, kwa hiyo nyanya alikubali mbao zilazwe barazani. Akaanza kuita. Jina la baba. Gari likakimbia, likigonga maungio ya mbao: tak, tak, tak, tak. Jina la mama. Tak, tak. Babu, mjomba wa babu, shangazi za zamani. Gari lilikimbia tu.

Kisha nyanya akasita, akataja jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Gari likasimama.

Kidole cha mtoto kilikuwa bado kimebonyeza. Nilishika waya, zilikuwa imara. Nyanya akataja jina jingine, gari likaondoka. Akarudia lile la kwanza, likasimama.

"Mwacheni apite," mtoto akasema.

Sauti ilikuwa yake, nzito kidogo kwa kukaa bila kutumika. Na hapo, rafiki yangu, wa katikati alisikia, nyanya alisikia, mimi nilisikia: kwenye njia ya nje, isiyokuwa na gari, tak, tak, tak, tak. Duara zima. Halafu gari letu likaondoka lenyewe polepole, kama linalofuata.

Nyanya akamshika mtoto kichwa, akamwita kwa lile jina. Mtoto akaitika, "Ee." Nililia kwa furaha, nisikufiche.

Baba mdogo alifika kesho yake na mkate na sukari. "Haya, bubu wetu yuko wapi?"

Mtoto alitokea nyuma ya ghala, akasimama mbele yake. "Ulisema utaningoja mtoni."

Baba mdogo aliketi chini, palepale kwenye matope, na suruali yake ya kazini. Baadaye nyanya alinieleza: yeye na ndugu yake, wavulana wawili wadogo, mmoja akakimbia mbele, mmoja hakurudi. Hawakuwahi kulisema tena jina lake. Baba mdogo aliomba maji, hakuyanywa. Akasema, "Waache wakae pamoja. Wote watatu." Aliondoka bila kumtazama mtoto machoni, na hakuzungumzia tena habari ya kutugawa.

Fundi alirudi kwao tukiwa bado wadogo. Nyanya amelala. Zile mbao zilichemsha chai ya msiba wake. Wa katikati ana familia, na kitinda mimba anafanya kazi Kibabii, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Nimemuuliza kuhusu alasiri ile. Hakumbuki. Hamkumbuki mama pia, wala redio ya baba.

Nilitaka tusitengane, na hatukutengana. Ila lile jina alilopewa na mama alipozaliwa halina mtu anayelitumia. Mwaka jana, tukiwa wawili tu shambani, nililiita kwa sauti.

Hakugeuka. Aliendelea kupalilia, na mimi sikuita tena.