Kabati la Plaiwudi Nyembamba

Nilipostaafu polisi niliacha nyumba ya serikali kule Naguru, nikapanga vyumba viwili ghorofani, Lubaga. Ngazi ya pale inapinda mara mbili na ni nyembamba. Godoro langu lilipandishwa likiwa limekunjwa na kufungwa kamba. Kabati la nguo lisingepita. Kwa hiyo nikaamua kutengenezesha la kuunganishwa humo humo chumbani, lisilotumia misumari.

Vyumba hivyo tulivichagua wawili. Mwenzangu wa chumba cha redio, tuliyepokezana zamu miaka mingi, alikuwa mjane, nami sikuolewa. Tulikubaliana kwamba tukistaafu tutakaa pamoja. Wiki mbili kabla ya kuhama, mwanawe anayeishi mji wa Arua akamwita akamsaidie kulea wajukuu. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Usinikasirikie, dada."

Nikamwambia sijakasirika. Lakini vipimo vya kabati sikuvibadilisha: pande mbili, milango miwili. Sijui kama nilikuwa namngoja au nilikuwa mvivu tu wa kuchora upya.

Fundi wangu, Mkongo wa makamo, alikuwa na karakana Kasubi. Alinionyesha mkononi mwake vifungio vinavyotumika badala ya misumari. Pini husimama kwenye ubao mmoja, na kisahani cha chuma huzama kwenye ubao wa pili. Pini ikiingia, unazungusha kisahani kwa bisibisi, nacho huivuta mpaka mbao zibane. Alinisisitizia ninunue plaiwudi ya unene wa milimita kumi na nane. Nilikwenda dukani mwenyewe, nikaona kumi na nane imepigwa muhuri ukingoni, nikaamini. Kazi yangu yote ilikuwa kuandika namba nilizosomewa redioni. Sikuwa na mazoea ya kuzihoji.

Alipotoboa tundu la kwanza la kisahani, ncha ya drili ilitokea upande wa pili. Fundi akaizima, akapuliza vumbi, akaweka rula ukingoni.

"Afande, hii si kumi na nane. Hata kumi na tano haifiki."

"Imeandikwa."

"Kuandika, wameandika."

Akanionyesha kwamba kisahani kinataka shimo la kina cha karibu milimita kumi na tatu, na ubao huu haubakizi kitu nyuma yake. Tena ukitoboa njia ya pini katikati ya ukingo mwembamba hivi, pini na kisahani havikutani. Kurudisha isingewezekana, alikwisha kuikata yote. Aliugeuza ule ubao, kisha akaokota mabaki, akayapasua vipande virefu vyembamba. Angevigandisha kwa gundi upande wa ndani, kwenye kingo tu, ili visahani vipate nyama ya kuzama.

"Nafasi ya ndani itapungua kidogo," alisema. "Mnaoweka nguo mko wangapi?"

"Mmoja."

Lile neno sikuwa nimelitamka bado. Yeye akaendelea kupaka gundi.

"Basi litatosha."

Siku tatu baadaye mbao zilipandishwa ngazini, ubao mmoja mmoja. Fundi alitaka kuniunganishia, nikakataa, nikasema nitaweza. Haikuwa kweli. Kazi ile inataka mmoja ashike ubao wima na mwingine azungushe visahani. Nilijaribu kuuegemeza kwenye kiti, ukaanguka kwa kishindo. Nikaukinga kwa dumu la maji, ukaanguka na dumu. Mwishowe nikaunganisha kila kitu kikiwa kimelala sakafuni. Visahani vilikaza vizuri, kila kimoja kwa mlio mdogo, na nikafurahi nikiwa nimepiga magoti peke yangu.

Kulisimamisha ndiko kulikonishinda. Nililiinua hadi kiunoni, likanilemea, nikalirudisha chini. Nikaketi juu yake, nikampigia simu mwenzangu aliyekuwa Arua. Nyuma yake watoto walikuwa wakilia.

"Nitakupigia," alisema. Sikuwahi kulitaja kabati.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mpangaji wa chini, mwanamke wa Kikongo anayeuza vitenge. Tangu nihamie tulikuwa tunasalimiana tu.

"Mama, unajenga nyumba ndani ya nyumba? Dari yangu inamwaga vumbi."

Nikaomba radhi. Akachungulia, akaliona kabati, akavua kandambili.

"Shika huko."

Tukaliinua. Alilisukuma kwa kiganja kuona kama linayumba. Halikuyumba.

"Nina maharage jikoni," akasema, na kabla sijamshukuru sawasawa alikuwa ameshafika kwenye kona ya ngazi.

Nguo zangu zilijaa upande mmoja. Upande wa pili nikaweka mwavuli, pasi na blanketi mbili, na bado palibaki patupu. Wiki nzima hakuna aliyenigongea. Mwenzangu hakupiga simu, nami sikupiga tena.

Jumamosi nilishuka nikauliza kama maharage yaliungua.

"Kidogo," alisema jirani, akasogeza robota la vitenge ili nipate pa kukaa.