Kahawa Iliyokaribia Kuitwa Mzio

Kwanza nilisikia kikohozi, kisha mluzi mwembamba kifuani mwa Koku, mjamzito kutoka kijiji cha Ihembe niliyekuwa nimempa kidonge cha kumpima mzio wa penisilini. Alikuwa na kaswende, na penisilini ndiyo dawa ambayo ingemwokoa mtoto tumboni. Tatizo ni kwamba tangu utotoni aliambiwa dawa hiyo haipatani naye, kwa sababu ya vipele ambavyo hakuna aliyevikumbuka vizuri. Mimi, daktari ninayesomea ubingwa, ndiye niliyesisitiza tuhakikishe.

Nilimvika barakoa ya oksijeni, nikavuta adrenalini kwenye sindano na kuwaita wauguzi wote. Akilini nilikuwa nimeshaanza kuandika utetezi wangu.

Koku aliivua barakoa, akatema ganda jeusi kiganjani.

"Daktari, tulia. Nimepaliwa tu na kahawa."

Nilimgeukia mama mkwe wake, aliyeshika kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwao mgeni hupokelewa nayo.

"Mama, si nilisema asile chochote?"

"Hajala, mwanangu. Kahawa si chakula, ni salamu. Tafuna nawe, maana unatetemeka kuliko mgonjwa."

Wodi nzima ilicheka. Nilimwangalia Koku hadi muda wa uangalizi ulipokwisha: ngozi safi, mapafu safi. Akachomwa penisilini yake bila hata kukunja uso.

Ndipo nikampigia msimamizi wangu, ambaye alikuwa ameshaambiwa kwamba mgonjwa wangu anakufa.

"Shikamoo, Profesa. Koku hana mzio, na dawa ameshapata. Anayehitaji uangalizi kwa sasa ni mimi."